Ulianguka, Sasa Unamwogopa Farasi: Njia ya Kurudi Kwenye Tandiko

Kila msimu wa rodeo unapokaribia, swali hurudi lile lile. Fort Worth huanza Januari, Houston hufuata Machi, na katika miezi hiyo wasomaji walioko Texas huuliza: "Nilianguka. Farasi mwenyewe ni mkorofi. Nataka kurudi, lakini nikimkaribia tu tumbo linanikata. Nifanyeje?" Anayeuliza anaweza kuwa muuguzi wa Arlington aliyeanza kujifunza akiwa mtu mzima, au dereva wa lori aliyenunua ekari mbili nje ya Katy akaona bora aweke na farasi, au mama ambaye mwanawe ndiye aliyeanguka lakini asiyepata usingizi ni yeye.

Niseme mapema ninaloliamini, ili hata asiye na muda wa kusoma yote apate la kuondoka nalo. Usianze na ujasiri, anza na farasi. Woga unaokuja baada ya kuanguka mara nyingi unasema kweli kuhusu farasi yule, au tandiko lile, au mwalimu yule. Ukiukandamiza kabla hujausikiliza, utaanguka tena mahali pale pale.

## Kauli ya "panda tena sasa hivi"

Texas utaisikia kabla hujajipangusa vumbi: panda tena sasa hivi, ukichelewa woga utaota mizizi. Wanaosema hivyo hawana nia mbaya. Wengi wao walipandishwa farasi kabla hawajajua kusoma, wakaanguka wakiwa wepesi na mifupa bado laini. Wewe ni mtu mzima, umeanguka kutoka kimo kinachokaribia paa la gari, na mwili ukiwa bado moto maumivu hujificha. Mtu anaweza kupanda tena huku ubavu umevunjika na asijue mpaka jioni.

Katika saa ya kwanza, jichunguze au uchunguzwe na aliye karibu. Dalili za hatari ni hizi:

- Ulipoteza fahamu hata kwa sekunde chache, au hukumbuki ulivyoanguka.
- Kichwa kinauma na maumivu yanazidi, unatapika, unaona mawili mawili, au unarudia swali ambalo umeshajibiwa.
- Shingo au mgongo unauma, au mikono na miguu imekufa ganzi.
- Tumbo au kifua kinauma, hasa kama farasi alikukanyaga au alikuangukia.
- Una mimba, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Hata moja likiwapo, aliye karibu apige 911. Kama ni shingo au mgongo, usikubali kuinuliwa na marafiki. Lala pale pale mpaka wahudumu wafike. Parkland huko Dallas, John Peter Smith huko Fort Worth, Ben Taub na Memorial Hermann huko Houston ni hospitali zilizozoea majeraha makubwa.

Najua kinachowazuia wengi wetu: bili. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inazitaka hospitali zenye idara ya dharura na zinazopokea malipo ya Medicare zikupime na kuituliza hali yako kwanza, uwe na bima au huna. Bili itakuja baadaye, ni kweli. Lakini Parkland, John Peter Smith na Harris Health, ambayo ndiyo yenye Ben Taub, zina mipango ya kuwapunguzia mzigo wakazi wa kaunti zao wenye kipato kidogo. Omba fomu kabla ya kukata tamaa. Damu inayovuja ndani ya kichwa haitasubiri upate kazi yenye bima.

Ukiambiwa ubongo umetikisika, usipande mpaka daktari akuruhusu. Pigo la pili kabla la kwanza halijapona linaweza kuua, hata kama lenyewe ni dogo.

Je, hakuna wakati wa kupanda tena siku hiyo hiyo? Upo. Kama uliteleza tu ukatua kwa miguu, kichwa hakikuguswa, farasi ametulia na kuna mtu anayejua kumshika, panda, tembea hatua chache, shuka wakati kila kitu bado ni shwari. Zaidi ya hapo, nenda nyumbani.

## Andika kilichotokea kabla hakijabadilika

Kumbukumbu ya kuanguka hubadilika haraka. Baada ya wiki moja farasi atakuwa mrefu zaidi, mkali zaidi, na kosa litakuwa lake lote au lako lote. Kwa hiyo siku hiyo au kesho yake, chukua karatasi ujibu:

1. Dakika tano kabla ya kuanguka, farasi alikuwa anafanya nini?
2. Nilikuwa nimemwomba nini? Kugeuka, kusimama, kuongeza mwendo?
3. Kulikuwa na upepo, mbwa, lori, farasi wengine?
4. Nilitoka kazini saa ngapi? Nilikuwa nimekula?
5. Nilianguka upande gani, na tandiko lilibaki mahali pake au lilizunguka?
6. Amewahi kumwangusha mtu mwingine? Nani, na alikuwa anafanya nini?

Swali la nne si la mapambo. Wengi wa jamaa zetu Dallas na Houston wanafanya shifti za usiku hospitalini na kwenye nyumba za wazee, kisha wanaendesha gari asubuhi kwenda kwa farasi kwa sababu ndiyo siku yao ya mapumziko. Mtu ambaye hajalala huchelewa kuona sikio likigeuka. Lala kwanza, hata kama somo umeshalilipia.

Msomaji atasema, "Lakini alirusha mateke ghafla, bila sababu." Hutokea, ila si mara nyingi. Jaribu kukumbuka tena, polepole. Ulipokaza mkanda wa tumboni, je, aligeuza kichwa kama anayetaka kukuuma? Masikio yalilala nyuma? Mkia ulipigapiga bila nzi? Ulipotia mguu kwenye kikuku alisogea pembeni, ukamvuta, akasogea tena? Anayefanya hayo anasema kuna kitu kinamuuma au kinamtisha. Hakusikilizwa, ndipo akaongeza sauti.

## Mkorofi, au mgonjwa?

Kabla ya kumwita farasi mkaidi, mwite daktari wa wanyama anayejua farasi. Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka kwa sababu ina gharama, na ndiyo ambayo ningeipigania kuliko zote. Hakuna mafunzo ya ujasiri yatakayomtuliza mnyama anayeumwa mgongo. Mwombe daktari aangalie:

- Mgongo na kiuno. Akibonyezwa anajikunja au kukaza misuli?
- Meno. Ncha kali za meno hukata mashavu kila unapovuta hatamu.
- Kwato na miguu. Farasi anayechechemea kidogo anaweza kukataa kugeuka upande mmoja tu.
- Vidonda vya tumbo. Tumbo la farasi hutengeneza asidi saa zote, awe anakula au hali. Anayekaa saa nyingi bila nyasi yumo hatarini. Huthibitishwa kwa kamera inayoingizwa tumboni.
- Macho. Anayeshtuka upande mmoja kila mara huenda haoni vizuri upande huo.

Kwa kesi ngumu, hospitali ya wanyama ya chuo cha Texas A&M iko College Station, mji ulio kati ya Houston na Dallas, ingawa ni karibu zaidi na Houston. Daktari wako anaweza kukuandikia barua ya kwenda huko.

Tandiko unaweza kuanza kulikagua mwenyewe leo. Baada ya mazoezi ya kutoa jasho, livue taratibu na utazame mgongo. Jasho linapaswa kuenea sawasawa pande zote mbili. Ukiona sehemu kavu katikati ya jasho, ndogo kama kiganja, kuna uwezekano tandiko linabana hapo. Nywele nyeupe zilizoota mahali pamoja kwenye farasi wa rangi nyeusi au kahawia mara nyingi ni alama ya kidonda cha zamani cha tandiko. Pitisha mkono wako chini ya tandiko likiwa limefungwa. Likikuumiza vidole, fikiria yeye analivaa saa nzima akiwa amekubeba.

Uzito pia tuuseme bila kuoneana haya. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba farasi asibebe zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wake, tandiko likiwamo. Farasi wa paundi 1,000 atabeba paundi 200, na tandiko la Kitexas peke yake linaweza kufika paundi 30 au 40. Ukizidi hapo si aibu, ila tafuta farasi mkubwa zaidi, na mgongo wake utakushukuru kwa utulivu.

Mwisho, uliza anaishi vipi. Farasi anayefungiwa kibandani tangu Jumatatu, analishwa nafaka nyingi, kisha anatolewa Jumamosi ili wewe umpande, atatoka na nguvu za wiki nzima. Apewe uwanja wa kukimbia na wenzake, nyasi nyingi na nafaka kidogo. Kuna farasi waliokuwa wakiitwa wakorofi ambao walihitaji hilo tu.

## Huenda farasi huyu si wako

Hapa ndipo wasomaji hukasirika, lakini nitasema. Texas imejaa farasi wazuri ambao hawamfai anayejifunza, na hao ndio mara nyingi huuzwa kwa bei inayovutia.

Waliostaafu mbio. Kuna viwanja vya mbio upande wa Dallas na upande wa Houston: Lone Star Park huko Grand Prairie na Sam Houston Race Park huko Houston. Farasi akimaliza mbio huuzwa. Wengi wamezoea kuegemea lijamu wanapokimbia, kwa hiyo ukiogopa ukazivuta hatamu kwa nguvu, anaweza kuelewa kwamba unamtaka aongeze kasi. Si ukorofi. Ndivyo alivyofundishwa.

Waliofunzwa kutenga ng'ombe. Weatherford, magharibi mwa Fort Worth, hujulikana kama mji mkuu wa mchezo huo. Farasi hawa wanaweza kugeuka kushoto na kulia kwa kufumba na kufumbua, wakimzuia ndama asirudi kundini. Ukikaa ovyo, yeye atakwenda kushoto na wewe utaendelea kulia.

Wachanga. Farasi wa miaka mitatu na mpanda farasi wa miezi mitatu hawafundishani chochote ila hofu.

"Lakini nimeshamnunua, na watoto wamempa jina." Naelewa. Basi una njia tatu za heshima: mpeleke kwa mkufunzi kwa muda huku wewe unajifunza juu ya farasi mwingine, mkodishe kwa mpandaji hodari, au muuze kwa anayemfaa, ukieleza bila kuficha kwamba alikuangusha. Usimpe mtu asiyejua ukanyamaza. Hilo ni kumtafutia mwenzako hospitali.

## Ngazi za kurudi

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Jipe alama ya woga kutoka 0 hadi 10. Fanya kazi ukiwa kwenye 3 au 4. Ukifika 7, shuka ngazi moja bila kujilaumu. Usipande ngazi inayofuata mpaka ngazi uliyopo imekuwa ya kawaida kabisa, siku mbili mfululizo au zaidi.

Ngazi ya kwanza: ardhini. Mwongoze kwa kamba. Asimame unaposimama, arudi nyuma ukimwomba, asogeze makalio unapomgusa ubavuni. Simama usawa wa bega lake, kamwe si mbele yake wala nyuma yake, na kamba usiizungushe mkononi. Msugue brashi mwili mzima. Utajifunza tena kuyasoma masikio, na yeye atajifunza kukusikiliza. Asiyekusikiliza ukiwa chini hatakusikiliza ukiwa juu. Ardhini nako kuna hatari: Bill Pickett, bingwa mweusi wa rodeo mzaliwa wa Texas ambaye sanamu yake iko Stockyards, Fort Worth, alifariki mwaka 1932 baada ya kupigwa teke la kichwa na farasi. Vaa kofia ngumu hata ukiwa unamwongoza tu.

Ngazi ya pili: kupanda na kushuka tu. Hapa tumia farasi mwingine, mzee na mpole. Wengi huganda palepale mguu unapoingia kwenye kikuku, kwa hiyo tulifanye jambo hilo liwe dogo. Panda juu ya kisanduku au ngazi ya kupandia. Mwalimu amshike. Shika manyoya ya shingo kwa mkono wa kushoto. Hayamuumi kama unavyodhani. Weka mguu kwenye kikuku, utoe. Weka tena, jiinue, usimame hapo, ushuke. Kisha vusha mguu, keti taratibu bila kujibwaga, vuta pumzi, ushuke. Rudia mpaka uchoke kwa kuzoea, si kwa hofu. Somo la siku hiyo liishe hapo.

Ngazi ya tatu: kamba ndefu. Mwalimu amemshika farasi kwa kamba ndefu, anamzungusha kwa mwendo wa kutembea. Wewe huna kazi ya hatamu. Shika pembe ya tandiko, au mkanda uliofungwa shingoni mwa farasi. Baadaye achia mkono mmoja, uuzungushe. Kisha mwingine. Fumba macho kwa hatua chache ukiweza. Mwili unajifunza kukaa upya kabla akili haijaambiwa.

Ngazi ya nne: uwanja mdogo wenye uzio. Sasa hatamu ni zako. Tembea, simama, geuka. Macho yatazame unakokwenda. Ukitazama kichwa cha farasi mabega huanguka mbele, na nusu ya kuanguka imeshafanyika. Visigino chini. Hatamu zisilegee sana wala zisikazwe.

Ngazi ya tano: mwendo wa matiti. Mwendo huu wa kurukaruka ndio unaowatisha wengi kwa sababu unawatikisa kama walipoanguka. Hatua nane tu, kisha rudi kutembea. Hatua kumi na mbili. Nusu uwanja. Shoti isubiri, hata kama ni mwakani.

Ngazi ya sita: farasi yule yule. Hii ni ya hiari. Ukiamua, mwalimu ampande kwanza mbele ya macho yako, siku hiyo hiyo. Akiona dalili yoyote, mnaahirisha. Akitulia, wewe unaanza naye ngazi ya kwanza, si ya tano.

"Hii itachukua miezi!" Ndiyo. Na anayeruka ngazi mara nyingi huishia kuchukua miaka, kwa sababu anaanguka tena na safari hii woga una mashahidi wawili.

## Pumzi

Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walichapisha jaribio jepesi kulielewa. Watu waliongoza na kupanda farasi kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, kisha wakaambiwa kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa mbele ya farasi. Mwavuli haukufunguliwa. Hata hivyo mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi nayo yakapanda.

Kwa hiyo usijifanye hujaogopa, maana yeye anajua. Shughulikia pumzi. Toa pumzi ndefu kuliko uliyovuta. Ukisahau, imba, wimbo wa kanisani, kaswida, taarabu, wowote ule, maana mtu anayeimba hawezi kubana pumzi. Au mweleze mwalimu kwa sauti unachokiona: "Kuna gari linapita, kuna mbwa kule." Bia ya kutuliza moyo usiiguse, na dawa za usingizi vivyo hivyo. Zinapunguza wepesi wa mwili kabla hazijapunguza woga.

## Kujua kusimamisha

Woga mwingi hupungua mtu anapojua kwamba ana breki. Muombe mwalimu akufundishe kusimamisha kwa hatamu moja: unatelezesha mkono mbele kwenye hatamu ya upande mmoja, unauleta taratibu kwenye paja lako, farasi anageuza shingo, makalio yanapisha, anakosa nguvu ya kukimbia, anasimama. Akishasimama, achia hapo hapo.

- Anza akiwa amesimama, kisha akitembea. Pande zote mbili.
- Ifanye mpaka mkono uijue bila kufikiri.
- Usiivute kwa kishindo akiwa kwenye shoti kali. Anaweza kupoteza miguu akaanguka nawe. Hapo tumia mduara mkubwa unaopungua polepole.

Jifunze pia kuruka chini kwa dharura: miguu yote miwili ITOKE kwenye vikuku kwanza. Mguu ulionasa ndio unaoua. Ndiyo maana viatu vya raba visivyo na kisigino havifai. Vaa buti yenye kisigino.

## Kofia

Ile ya bodaboda haifai, ya baiskeli haifai, na ile kofia nzuri ya pama ni ya picha. Tafuta iliyoandikwa ndani ASTM F1163 na alama ya SEI. Ikishapigwa chini, hata kama haina ufa, inunuliwe nyingine, kwa sababu sponji ya ndani ikishabonyea haifanyi kazi tena. Usinunue iliyotumika.

Mtakaoambiwa kwamba mabingwa hawavai, mjibuni kwa jina la Courtney King-Dye. Alishiriki Olimpiki ya 2008 kwa Marekani. Machi 2010 farasi aliyekuwa akimfunza alijikwaa tu, bila ukorofi wowote, wakaanguka. Hakuwa na kofia ngumu siku ile, akazimia kwa wiki kadhaa. Baadaye yeye mwenyewe akawa mtetezi wa kofia.

## Hewa na ardhi ya Texas

Jumlisha joto la Fahrenheit na asilimia ya unyevu. Ikizidi 150, farasi anapata taabu kujipoza, punguza kazi. Ikikaribia 180, usimpande. Houston mwezi wa Agosti, nyuzi 95 na unyevu wa 60 tayari ni 155. Panda alfajiri.

Kuzunguka Dallas udongo mweusi wa mfinyanzi hukauka kiangazi ukawa mgumu kama saruji. Fanya mazoezi penye mchanga. Houston baada ya mvua kubwa ardhi huteleza hata kwa farasi aliye makini. Na baridi ya ghafla inaposhuka kutoka kaskazini, ikateremsha joto kwa saa chache, farasi wote huchangamka. Siku hiyo ni ya ngazi ya kwanza.

## Mwalimu na ile karatasi utakayosaini

Kwenye mabanda mengi utaona kibao kinachotaja Sura ya 87 ya sheria za Texas. Maana yake kwa ufupi: hatari za kawaida za wanyama hawa umezikubali, na huenda usilipwe fidia ukiumia, ingawa zipo hali ambazo sheria hiyo haiwakingi wenye farasi, kwa mfano mtu akikupa vifaa anavyojua ni vibovu. Isome fomu yote. Kama Kiingereza cha kisheria kinakupiga chenga, ichukue nyumbani usomewe.

Muulize mwalimu maswali haya, na uyasikilize majibu:

- Nani atanipanga na farasi, na kwa kigezo gani?
- Utakubali nisipande kabisa somo la kwanza?
- Mwanafunzi wako akiogopa, unafanya nini?

Anayecheka swali la tatu, mwache. Na ukimpata anayefaa, kaa naye. Anayefuata ushauri wa jirani asubuhi, wa video mchana na wa mwalimu jioni ndiye yule mpanda farasi wawili anayepasuka msamba.

Wengine wanahofia kuchekwa: Mwafrika na farasi, wapi na wapi? Houston hilo lina jibu la wazi. Prairie View Trail Ride, msafara wa wapanda farasi weusi unaokwenda kwenye rodeo ya Houston, ulianza mwaka 1957. Watafuteni watu hao. Wana farasi watulivu, wana wazee wenye subira, na wameanguka mara nyingi.

## Kwa mzazi

Mtoto akianguka, usimlazimishe kurudi kwa sababu umelipia, wala usimkataze kwa sababu wewe umeogopa. Muulize yeye, siku ya pili na siku ya saba. Akitaka kurudi, aanzie chini kama wewe. Akitaka kumsugua farasi tu mwezi mzima, hilo ni somo kamili. Na usisimame kwenye uzio ukipiga kelele "Shikilia!", mwachie mwalimu.

## Usiku ukikataa kulala

Kama mwezi umepita na bado unaota ile ajali, unashtuka ukisikia kwato, au unaogopa hata kuendesha gari, hilo limeshavuka farasi. Mwone mshauri wa afya ya akili. Mahangaiko ya baada ya ajali yanatibika, na sala haizuiliwi kwenda pamoja na tiba. Wapo miongoni mwetu waliopitia vita na safari za ukimbizi kabla ya kufika Texas, na kishindo kimoja kinaweza kuamsha mambo ya zamani. Mwambie mshauri na hayo.

Na kama baada ya yote hayo utaona hutaki tena kupanda, usipande. Bado unaweza kuwa na farasi. Equest huko Dallas na SIRE eneo la Houston hutumia farasi kuwasaidia watu wenye ulemavu, na huhitaji watu wa kujitolea wa kuongoza farasi na kutembea ubavuni mwa anayepanda. Hakuna sharti uwe mpanda farasi. Piga simu uulize mafunzo yao yanaanza lini.